Sitaki Kubebwa, Nataka Kuingia

Kuna sentensi moja ambayo kila mtu anayetumia kiti cha magurudumu Kenya hii ameisikia mpaka amechoka nayo: "Hakuna shida, vijana watakubeba."

Unapiga simu mahali kabla ya kwenda. Unauliza kama kuna ngazi. Unasikia mtu anafunika simu, anaulizana na mwenzake, halafu anarudi na sauti ya furaha kabisa, kama amekutatulia shida ya maisha. Ziko ngazi kidogo tu, bro, lakini vijana wako, watakubeba. Ukiuliza kuhusu choo, kimya. Hakuna kijana wa kukubebea hiyo.

Leo naongea kuhusu hii mambo ya kubebwa, kwa sababu naona wasee wengi wanadhani ni ukarimu. Wenye hoteli wanadhani hivyo, wenye bustani za pikiniki wanadhani hivyo, na hata nyinyi wafuasi wangu, ambao nawapenda, wengine mnadhani hivyo. Juzi nilipost vidio ya mahali pa nyama choma ambapo mlango uko sawa na ardhi, choo kinafunguka vizuri, mbuzi safi. Mliangalia wachache. Wiki hiyo hiyo msee fulani asiyenijua alinirekodi nikibebwa na wanaume wanne kupandishwa ngazi, kiti kimeinama upande kama sofa inayohamishwa, akaiposti. Hiyo ikaenda kila mahali. Komenti zote ni mikono ya kuomba na "Mungu awabariki hao vijana." Nimezisoma zote, niamini. Hakuna hata mtu mmoja aliuliza ngazi zinafanya nini pale.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni yule msee wa kuzurura Nairobi na viunga vyake na soo tano mfukoni. Nina miaka 22. Natumia kiti tangu ajali ya boda nikiwa kidato cha tatu. Chuo niliacha mwaka wa pili, na kabla mniambie vile masomo ni muhimu, madarasa yangu yalikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa imebandikwa karatasi ya "haifanyi kazi" siku niliyoripoti. Siku niliyotoka, karatasi ilikuwa bado pale, imegeuka rangi ya chai. Hiyo ni stori ya siku ingine.

Sasa, kubebwa ni nini hasa? Ni watu usiowajua kukushika. Mmoja anashika gurudumu, na gurudumu linazunguka, kwa hivyo anateleza. Mwingine anashika sehemu ya kuwekea miguu, ambayo kwa viti vingi hung'oka ukiivuta juu. Wanahesabu moja, mbili, tatu, na kila mtu anainua kwa tatu yake. Mimi ni mwanaume na bado nafunga macho. Rafiki yangu mmoja, msichana, aliniambia aliacha kwenda popote penye ngazi kwa sababu hana namna ya kuchagua mikono ya nani itapita wapi, na akilalamika anaambiwa hana shukrani. Alikuwa amevaa rinda, siku ya bathidei yake mwenyewe. Hebu kaa na hiyo kidogo kabla uniambie ni ukarimu.

Halafu kuna wenye viti vya mota. Kiti cha mota peke yake kinaweza kupita kilo 100 kabla mwenyewe akalie. Huyo hamumbebi. Huyo mnamwambia abaki nyumbani, ila kwa lugha tamu.

Na hata ukishafika huko juu, unakuwa mfungwa wa vijana. Hushuki ukitaka, unashuka wakiwa wamemaliza kuhudumia meza zingine. Hutaki kuwasumbua mara mbili, kwa hivyo hunywi maji. Hii sehemu watu wanaotembea hawaijui: wengi wetu tukijua tunatoka, tunaacha kunywa kitu tangu asubuhi, kwa sababu choo hakuna. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo hiyo ni hatari kabisa, maambukizi ya njia ya mkojo ni kitu cha kukulaza hospitali. Mnaniona kwenye vidio nikiwa na glasi ya juisi ya miwa mezani. Angalieni vizuri, huwa sijainywa.

Pia kuna mama yangu. Vijana wa hoteli huwa wako Jumamosi jioni. Nyumbani, kwa stegi, kwa mlango wa gari, kwa choo cha kanisa, ni yeye. Kila "tutakubeba" ya nchi hii, ukiifuata mpaka mwisho, inaishia kwa mgongo wa mama fulani. Wangu ana miaka 51 na sasa analala na ubao chini ya godoro. Sitaki kumpeleka mahali pazuri siku ya kupumzika halafu kazi yake iwe kuninyanyua mimi.

Mtasema Kenya ni nchi maskini, haijui hizi vitu za kizungu. Hapo ndipo nakataa kabisa. Kenya inajua kujenga rampu. Enda jumba lolote kubwa la maduka Nairobi, angalia pakingi. Gari linashuka chini ya ardhi ghorofa mbili tatu bila kukutana na hata ngazi moja, mteremko laini, simiti nzuri, mshale umechorwa, taa. Hakuna siku mwenye gari aliambiwa aliache nje vijana watalibeba. Kivuko cha Likoni: watu wanakiponda, foleni, jua, mambo mengi, lakini mimi naingia pale kwa magurudumu yangu mwenyewe, bure kama kila anayevuka kwa miguu, kwa sababu kilitengenezwa kubeba magari. Nimejiwekea sheria: mahali gari linaweza kuingia, mimi naingia. Kwa hivyo shida si pesa wala ujuzi. Gari limeheshimiwa wakati wa kuchora ramani, mimi sikuheshimiwa.

Sehemu ingine ninayoijua vizuri ni jikoni. Usishangae. Hoteli nyingi zina ngazi mbele na mteremko nyuma, kwa sababu kreti za soda na mitungi ya gesi lazima ziingie. Nimeingia kupitia jikoni mara nyingi mpaka naweza kuwaandikia posti ya jikoni tu. Nawapita wapishi, nawasalimu, wananipa pole, natokea karibu na sinki nikiwa nimevaa shati yangu poa na nikinuka vitunguu. Mtungi wa gesi una mlango wake. Mimi naazima wa mtungi.

Na rampu zenyewe, jameni. Kuna watu wamesikia neno rampu wakamwaga simiti juu ya ngazi wakamaliza. Hiyo ni bembea ya watoto, hapo nitarudi kinyumenyume. Hesabu inayotumika dunia nzima ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Chukua ngazi 3 za kawaida, sentimita 15 kila moja. Hiyo ni sentimita 45. Zidisha kwa 12, unapata mita 5.4. Karibu urefu wa pikapu. Kama mlango wako una ngazi 3 na rampu yako ni mita moja na nusu, umejenga mtego, na ukipigwa picha nayo siku ya ufunguzi bado ni mtego. Mlango uwe na nafasi wazi ya sentimita 80 hivi au zaidi. Ndani ya choo kiti kiweze kugeuka, yaani duara la sentimita 150. Chuma cha kushika ukutani. Hii si elimu ya siri, fundi wa mtaa akiambiwa namba anaijenga, na saa zingine anauliza maswali mazuri kuliko injinia.

Choo pia nina neno. Pale ambapo kuna choo kimeandikwa kile kialama chetu, mara ngapi nimekikuta kimefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa mtu aliyeenda lanchi? Mara ngapi nimefunguliwa nikakuta mop, ndoo, na mti wa Krismasi wa plastiki? Stoo yenu iko kwa choo changu.

Twende kwa sheria, haraka, kwa sababu hapa kila mtu huanza kusinzia. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa, usafiri wa umma na habari. Kabla ya hapo kulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Hiyo sheria na mimi ni marika. Iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 ya kurekebisha, na wenye magari ya abiria miaka 2, kuanzia vifungu hivyo vianze kufanya kazi. Hata ilitoa nguvu ya kuandikiwa amri ya marekebisho ukikaidi. Imekua, ikafikisha umri wa kupata kitambulisho, ikazeeka. Mwaka wa 2025 Rais akatia saini sheria mpya, mswada uliosukumwa na Seneta Crystal Asige, ambaye yeye mwenyewe haoni. Nafurahia. Lakini mimi nimekulia ndani ya sheria nzuri maisha yangu yote na bado nabebwa, kwa hivyo mtaniwia radhi kama sirukiruki. Sherehe nitafanya siku ya kwanza nitakaposikia mwenye jengo ameandikiwa amri na akaitii.

Sasa komenti ninayoichukia zaidi, na huja kila mara, saa zingine hata kutoka kwa watu wema: "Watu wenye ulemavu wanahitaji hospitali na kazi kwanza, hii mambo ya kutembea mbuga na Diani ni anasa."

Kwani nani aliwapangia nyinyi foleni? Wewe ulisubiri hospitali zote za kaunti yako zipate dawa ndio ukaenda Naivasha na mabeshte? Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki zetu, ambao Kenya iliuridhia 2008, una kifungu kizima, cha 30, kuhusu utamaduni, burudani, michezo na utalii. Wameandika wazi wazi, sehemu za utalii. Walioandika walijua kitu: mtu hafi kwa kukosa kuona twiga, lakini maisha ya mtu yanapungua polepole akiwa kila sherehe anatumiwa picha tu. Ruracio ya binamu yangu ilifanywa kwa bustani nzuri sana ya kukodisha, iko chini ya kilima, njia yote ni ngazi za mawe. Niliona kwa WhatsApp. Deti ya kwanza ya watu hufanyika wapi? Chama ya kina mama inapumzikia wapi Desemba? Pale ndipo watu wanapatana kazi, wanapatana wapenzi, wanasameheana. Mkinifungia hapo nje mmenifungia mambo mengi kuliko keki.

Na Pwani. Nimeenda Pwani mara mbili. Bahari sijawahi kuigusa. Nimeketi pale ambapo simiti ya hoteli inaisha, naiona, naisikia, chumvi inaingia kwa midomo, na kati yangu na maji kuna mchanga mkavu wa kama mita 20 ambao unameza magurudumu ya mbele kama uji. Kinachoniuma ni kwamba maji yakipwa, ule mchanga wenye unyevu huko mbele ni mgumu, watu wanaendesha baiskeli juu yake. Ningeweza kusukuma mwenyewe mpaka nichoke. Kinachokosekana ni mkeka wa kukunjua wa mita 20, basi. Kuna pia viti vya bichi vyenye matairi mapana ya upepo, hoteli ikiwa na kimoja inakodisha kwa wageni kama inavyokodisha maboya. Ugiriki wametengeneza kiti kinachotembea kwa reli fupi mpaka ndani ya maji, kinaendeshwa na umeme wa jua, mtu anajibonyezea mwenyewe akaogelea akarudi. Jua. Kama kuna kitu Pwani haijakosa.

Mtasema gharama. Sawa, tuongee gharama. Mwaka wa 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa kama milioni 2.4, na serikali ikatangaza mapato ya takriban shilingi bilioni 452. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya binadamu, wana ulemavu mkubwa. Ongeza wazee, maana watalii wengi wenye pesa za safari ni watu waliostaafu na magoti yao yanajua. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya laki 9 wenye ulemavu, kuanzia miaka 5 kwenda juu. Na sisi hatuendi mahali peke yetu. Tukiwa watu 8 kwa grupu ya WhatsApp tukitafuta mahali pa kula, ile hoteli yenye ngazi inatolewa kwa sababu yangu mimi mmoja, na meza nzima inahama na pesa zake. Mwenye hoteli hatajua kamwe. Atasema "hao watu hawajangi hapa." Tungekujaje?

Nachukia lakini kuuza haki yangu kama biashara. Hata kama singekuwa na pesa ya kununua chai, ningekuwa bado na haki ya kukaa chini ya mti wa bustani ya umma.

Kuna wale wa "unataka tuchimbe Mlima Kenya tuweke lifti?" Tulia. Siombi lifti ya Point Lenana. Siombi vichochoro vya Lamu vipanuliwe, ule mji uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001 na punda wenyewe wanapishana kwa adabu. Kuna mahali maumbile au historia imeamua. Lakini hiyo ni tofauti na mgahawa uliojengwa mwaka jana. Na hata kwa mahali pa kale kuna mengi ya kufanya. Fort Jesus imesimama Mombasa tangu miaka ya 1590, kuta za matumbawe. Mtu asiyeona akiweka mikono kwa huo ukuta na kwa mizinga, akapewa na mfano mdogo wa ngome nzima auguse kwa vidole ajue umbo lake, amepata ziara kushinda wewe uliyepiga selfi ukaondoka. Mahali pengi pa maonyesho neno la kwanza unalosoma ni "usiguse." Kwa wengine hiyo maana yake ni "usione."

Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache ambapo unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Wanaokodisha baiskeli pale getini, wekeni mbili tatu za watu wawili, asiyeona akae nyuma akanyage. Si mradi wa wafadhili huo, ni baiskeli. Na madereva wa gari za safari: mnaeleza mambo matamu sana kuhusu simba mkiwa mmeangalia mbele. Beshte yangu kiziwi alikaa masaa manne akiangalia kisogo cha mtu. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa kwa Katiba, ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Simamisha gari, geuka, zima injini, eleza ukimwangalia, hata ukiandika kwa simu. Itachukua dakika 2, na simba huwa amelala anyway.

Matatu siongei sana leo, nitapandisha presha. Niseme tu nimelipishwa nauli ya mtu na ya mzigo kwa safari moja, na mzigo ndio kiti changu. Makanga akaniambia nikikataa nishuke. Sasa nishukeje, boss?

Kwa hivyo ninachotaka, kwa kuanzia, ni kidogo sana mpaka naona aibu kukiomba. Ukweli. Kabla hata mjenge kitu, niambieni ukweli kabla nilipe nauli. Kwa kurasa zenu mmeweka picha ya machweo, ya kokteli, ya swimming pool kutoka juu. Hakuna picha ya mlango. "Tunakaribisha wote" si habari. Habari ni: ngazi 2 mbele, mlango wa choo sentimita 70, changarawe kutoka pakingi mpaka mezani. Nikisoma hivyo naamua mwenyewe kama nakuja na nani na kiti gani. Na mkipokea simu yangu, jibu la "vijana watakubeba" lifutwe kabisa. Sema "tuna ngazi 4, hatuna rampu." Afadhali hivyo, nikikasirika nitakasirikia ngazi.

Nimeanza orodha yangu. Mwenye hoteli, bustani, kambi, mahali pa nyama, chochote kutoka Kitengela mpaka Limuru: nitumie inboksi picha tatu, ya mlango wa mbele, ya njia kutoka pakingi, na ya mlango wa choo ukiwa wazi, na tepu ya kupimia ionekane kwenye picha. Nitakuja mwenyewe na soo tano yangu kuhakikisha. Wafuasi, nyinyi pia mnaweza, tepu ni bei ya chapo chache na mko huko kila wikendi. Msitume picha ya vijana.